Swali Namba Saba

Naro Moru
3 Februari 2025

Kwa Murugi, mpwa wangu mwenye jina la mama yangu,

Kabla ya salamu nataka ujue unaandikiwa na nani. Mimi Ngatia ndiye Mlima Kenya. Theluji ni ya Mungu na mawe ni ya serikali, lakini kupanda na kushuka ni kwangu. Nikishikwa na mafua siku moja tu, wageni wa nchi tisa hukaa getini kama mbuzi waliosahauliwa sokoni, wakiuliza, "Ngatia yuko wapi?" Hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili wanalojifunza. "Jambo" linakuja baadaye.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Njoki shangazi yako hajambo, isipokuwa hasira. Leso yake ya samawati imepotea tangu Krismasi, na ameamua mwizi ni Watiri jirani. Hawasalimiani, hata kanisani wanakaa viti mbalimbali. Mimi nimejiweka kando, hayo ni mambo ya wanawake. Viazi vimechomwa na baridi lakini kuku wanataga vizuri. Dada yangu Nduta, yaani mama yako, aliniambia nyonga bado inamsumbua. Mwambie aache kuchuma chai akiwa ameinama, chai si dhahabu.

Neno lenyewe ni hili. Jumatatu iliyopita kampuni yetu ya kupandisha wageni ilituletea fomu ya kurasa kumi na moja, juu imeandikwa Uchambuzi wa Kazi. Chini nikaona jina lako kama ndiye mtu wa kurudishiwa. Nikawaambia mapota, hao nyinyi wa ofisi mnaita wapagazi, "Mnaona hapa? Huyu ni damu yangu. Viatu vyake vya Form One nilinunua mimi." Wakavua kofia kwa heshima. Nikakupigia simu mara nne. Kwani hushiki simu yangu siku hizi?

Fomu nimeijaza kama ifuatavyo. Kazi yako ni gani? Yote. Unasimamia watu wangapi? Ishirini na wawili, na Yakubu mpishi, ambaye huhesabiwa peke yake kwa sababu ya mdomo wake. Umesoma mpaka wapi? Mpaka kambi ya juu. Namba saba: wewe mwenyewe hubeba mzigo wa uzito gani? Kilo arobaini na zaidi. Mwaka ule wa mvua ya mawe nilibeba jiko, mtungi wa gesi, hema mbili, na juu yake Mjerumani aliyeteguka mguu. Alikuwa akila ndizi njia nzima na maganda yakiniangukia shingoni.

Niandikie upesi kwamba fomu imepita.

Mjomba wako,
Ngatia, Kiongozi Mkuu wa Mapota


Kerugoya
14 Februari 2025

Mpendwa Mjomba,

Salamu nyingi kutoka huku. Mama hajambo, nyonga ni ile ile. Nilimpa ujumbe wako kuhusu chai akasema wewe hujawahi kuchuma hata kikapu kimoja, kwa hiyo ukae kimya. Nami sijambo. Mkataba wangu hapa ni wa mpaka Juni, nafanya kazi nikitazama kalenda.

Simu sikushika kwa makusudi, na imeniuma. Kampuni yenu imeipa ofisi yetu kazi ya kuchunguza vyeo vyao vyote. Nilipoona jina lako nilimwambia mkubwa wangu, Bwana Kinuthia, kwamba wewe ni ndugu ya mama yangu. Akasema nisikuhoji kwa simu wala ana kwa ana. Kila neno kati yetu kuhusu kazi liwe kwa barua, na kila barua iingie kwenye faili. Kwa hiyo chunga unachoandika. Anasoma.

Tunachofanya ni hiki: tunaandika kila cheo kinafanya nini hasa, siku kwa siku, halafu tunaandika mtu wa cheo hicho anatakiwa awe na sifa zipi. Nguvu kiasi gani, elimu gani, macho, masikio, subira. Hatumpimi mtu, tunapima kazi. Cheo chako cha sasa hakina hata ukurasa mmoja kwenye ofisi ya kampuni. Umekishika miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kuandika ni cha nini.

Tatizo ni namba saba. Kanuni ya kampuni yenu ni kilo kumi na nane kwa mtu mmoja. Ukisema arobaini, ama umevunja kanuni kila safari, ama si kweli. Tafadhali jaza upya ukurasa huo, nimeuambatisha. Namba moja tu, Mjomba. Bila chumvi.

Mpwa wako,
Murugi


Naro Moru
2 Machi 2025

Mama yangu mdogo,

Hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama dume, amekuja na hasira kama Njoki. Juzi Njoki alimwona Watiri ameanika kitu cha samawati, akavuka ua kwenda kukikagua. Ilikuwa sweta ya shule. Sasa hata watoto hawachezi pamoja.

Nakusalimu na wewe pia, Bwana Kinuthia, huko ndani ya faili uliko. Karibu. Kwa kuwa wewe unasoma kazi yangu, na mimi nimesoma yako. Niliomba karatasi tupu kwa karani wa getini, yule anayepima mizigo, nikaifanyia uchambuzi kama ifuatavyo. Cheo: Bwana. Kazi zake: kukaa, kunywa chai, kukataza mtoto kuongea na mjomba wake. Uzito anaobeba: kalamu, na siku ngumu kalamu mbili. Sifa zinazotakiwa: makalio yasiyochoka. Elimu: nyingi. Hatari za kazi: kiti kuvunjika. Ukiona nimekosea jaza upya, nimeambatisha ukurasa.

Murugi, mimi sijazi tena. Kilo arobaini niliandika na kilo arobaini zibaki. Nimewalea vijana wa huu mlima tangu wakiwa hawajui kufunga kamba ya begi. Wengine leo wana magari. Hakuna aliyeniuliza kilo. Wanauliza, "Mzee, leo tunapanda?" Nikisema tunapanda, wanapanda. Nikisema fulani atashuka, anashuka, hata mgeni awe amelipa dola ngapi. Hiyo ndiyo kazi. Kama fomu haina mahali pa kuiandika, fomu ndiyo ifukuzwe.

Halafu wewe una jina la mama yangu. Tangu lini mama akamtoa mtoto wake kazini? Fikiria hilo ukiwa kwa kiti chako.

Ngatia


Kerugoya
11 Machi 2025

Mpendwa Mjomba,

Hatujambo, na hongera kwa ndama. Mama amecheka ile ya kalamu mbili mpaka akashika nyonga. Bwana Kinuthia hakucheka. Aliipiga muhuri wa "Imepokelewa" na kuiweka.

Umeniuliza kama nakutoa kazini. Barua iliyopita sikukuambia, sasa nakuambia. Kampuni ina orodha ya vyeo sita inavyotaka kuvifuta au kuviunganisha na vingine. Chako ni cha pili. Pendekezo ni kwamba karani wa mizani getini afanye yake na yako pia, kwa kuwa ana cheti cha Form Four na anajua kompyuta. Nimekaa na jambo hilo kifuani wiki tatu.

Na kuna lingine. Tumeletewa daftari la safari, lile unaloandika majina ya waliopanda na walioshushwa. Mbele ya kila aliyeshushwa kuna nafasi ya sababu. Viongozi wengine wameandika malaria, mguu, msiba nyumbani. Wewe kwa miaka tisa ya daftari hilo umeshusha watu thelathini na mmoja, na mbele ya kila jina umeandika neno moja: "Hakucheka."

Mjomba, hii ni nini? Bwana Kinuthia amechora mstari mwekundu chini ya yote thelathini na moja. Anasema unawanyima watu riziki kwa sababu hawakufurahia maneno yako. Na pota mmoja, Nderitu, ameleta malalamiko kwa maandishi. Anasema tarehe ishirini na tatu Februari ulimrudisha akiwa mzima, mwenye nguvu kuliko wote, mbele ya wageni, akakosa malipo ya siku nne. Amesema, "Mzee alitaka nimchekee kama mtoto."

Nijibu. Na namba saba bado iko tupu.

Murugi


Naro Moru
9 Aprili 2025

Murugi,

Hatujambo. Mvua imeanza. Nimekaa na barua yako mwezi mzima, na jibu hili mara mbili nililitia moto nikalitoa. Angalia pembe ya bahasha.

Hii sikuwahi kumweleza mtu. Naandika kwa sababu wewe umeuliza, si kwa sababu ya mstari mwekundu wa mtu.

Kila safari mimi hutembea nao na hutoa hadithi moja, ile ya dume la Doldol. Kwamba nilinunua dume la ng'ombe kule kwa Wamaasai, zuri, jeusi. Kufika hapa barabarani likaketi katikati ya lami. Nikaliambia inuka kwa Kikuyu, likanitazama. Nikaliambia kwa Kiswahili, likatafuna. Askari wa barabarani akaliandikia faini. Ndipo akapita bibi mmoja Mmaasai, akaliambia neno moja, likainuka, likamfuata kurudi Doldol. Na mimi nikalifuata nyuma nikilia, mpaka bibi akanionea huruma akanipa maziwa ya dume. Mapota huwa wananipigia kelele, "Mzee, dume halina maziwa!" Nami nasema, "Ndiyo maana nililia."

Wanaijua yote. Wameisikia mara mia. Naigawa mara tatu: askari pale msituni, bibi pale kwenye tope la mteremko, maziwa kule juu ambapo pumzi ni haba. Wanadhani napiga domo. Mimi nasikiliza. Mtu mwenye afya anacheka na wenzake, hata akiwa amechoka, hata kama ananichukia. Mtu ambaye mlima umeanza kumshika kichwa anachelewa. Wenzake wanamaliza, yeye ndio anaanza. Baadaye anatabasamu tu. Baadaye hata hilo hana. Miguu yake bado inatembea vizuri, na ukimuuliza atasema yuko sawa, kwa sababu akishuka atakosa pesa. Kicheko hakijui kudanganya kama mdomo. Hapo namwambia shuka, na namtuma mwenzake ashuke naye.

Nderitu siku ile alibeba kama trekta. Lakini kwa bibi alichelewa, na kwa maziwa alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikamshusha. Akanitukana mbele ya wageni, na mimi nikamtukana, nikashinda. Muulize yule aliyeshuka naye, Nderitu alitapika mara ngapi kabla ya kufika getini.

Unauliza nilijifunza wapi. Nilikuwa na rika langu anaitwa Wambugu. Mtu mkubwa, kifua kama mlango wa ghala. Mwaka wa pili wa kazi yangu nilikuwa natoa hadithi, wakati huo kwa kujifurahisha tu, na wote walicheka ila yeye. Nikakasirika. Nikaona ananidharau. Nikasema moyoni, basi, kaa na kiburi chako, nikatembea mbele na wengine. Mchana tulipohesabiana kambini hakuwepo. Tulimkuta ameketi juu ya jiwe, mzigo bado mgongoni, mikono magotini, kama anayengoja kuitwa. Alikuwa ameshakwisha.

Kwa hiyo mwambie Bwana Kinuthia ni kweli. Nataka wacheke. Na nitawashusha wengine thelathini na mmoja nikitaka, naye achore mistari mpaka kalamu iishe.

Ngatia


Kerugoya
28 Aprili 2025

Mpendwa Mjomba,

Salamu, na pole kwa ajili ya Wambugu. Mama alipofika kwenye jina hilo aliniomba nisiendelee kusoma. Aliniambia baadaye kwamba alimjua, kwamba alikuwa akija kwenu kula na hakuwa na kiburi hata kidogo.

Nilimtafuta yule aliyeshuka na Nderitu. Alitapika mara tano, amesema. Na Nderitu mwenyewe ameondoa malalamiko. Hakuandika sababu.

Kwenye ukurasa wa cheo chako, mahali pa sifa, nimeandika hivi: "Awe na uwezo wa kutambua mtu aliyelemewa kabla mwenyewe hajasema, na ujasiri wa kumrudisha akikataa." Bwana Kinuthia akakata, akasema haipimiki. Nikaandika tena. Akakata. Nikachukua ukurasa mpya nikaandika kwa wino, nikatia sahihi yangu, nikamwambia akikata hapo akate na jina langu. Ofisi nzima ilisimamisha vikombe. Huenda sitafika hata hiyo Juni, lakini ukurasa upo.

Basi akaomba barua yako, akaisoma peke yake, akarudi polepole. Akaniambia: "Murugi, mtu aliyeandika uongo kwenye namba saba, kwa nini nimwamini kuhusu Wambugu?"

Mjomba, niliruhusiwa kufika getini kwenu Alhamisi iliyopita, ukiwa mlimani. Nilimwomba karani wa mizani karatasi za miaka yote. Kila pota ana kilo zake, kumi na saba, kumi na nane. Mbele ya jina lako, kwa miaka sita, pana kistari tu. Nilimuuliza kistari maana yake nini. Akaangalia paa. Nikamuuliza Yakubu mpishi, yule uliyeniambia ana mdomo. Akasema ana sufuria jikoni, akaondoka mbio.

Kikao ni tarehe kumi na sita Mei. Kanuni ni kwamba mfanyakazi mwenyewe ajaze na kutia sahihi, mimi siwezi kukujazia hata nikijua. Watu ishirini na wawili wamenyamaza kwa ajili yako. Sitaki kujua kwa nini. Nataka namba.

Umesema mama hamtoi mtoto wake kazini. Sawa. Lakini mama akiuliza, hujibiwa.

Murugi


Naro Moru
12 Mei 2025

Mama yangu mdogo,

Hatujambo. Mvua imepungua na ndama amejifunza kufungua lango. Nderitu amerudi kazini. Haniombi msamaha na mimi simwombi, lakini juzi nilimsikia akiwapa wageni ile ya dume la Doldol. Ameiharibu kabisa, ameweka ndege ndani. Ila niliona akitoa hadithi huku amegeuza shingo, anawatazama wa nyuma.

Kwanza, jibu kwa kikao. Waambie karani wa mizani ni kijana mzuri na kompyuta yake ni nzuri. Lakini siku watakapompa kazi yangu, apande na mapota, awape hadithi, aone kama atasikia nani amechelewa. Akisikia, mimi mwenyewe nitambebea hiyo kompyuta mpaka kambi ya juu. Asiposikia, nani atakwenda kumwambia mama wa mtu? Bwana Kinuthia? Waandike hilo kwa wino wa Murugi. Siombi. Nawaambia. Na wewe wakikutoa Juni, njoo huku, shamba la viazi halina faili.

Sasa ile nyingine. Nimejaribu kuijaza mara tatu, na kila nikianza mkono unaandika arobaini peke yake. Umezoea. Basi nakuandikia hapa kwenye barua, kwa sababu una jina la mama, na yeye nilikuwa simdanganyi. Au nilimdanganya mengi, lakini si akiuliza mara nne.

Mwaka wa elfu mbili kumi na tisa goti langu lilikataa. Nilifika getini nikainua mzigo nikaushusha, nikajifanya nafunga kamba upya. Nikainua tena, nikashusha. Watu wote walikuwa hapo. Ndipo Yakubu akatoka jikoni na kusema kwa sauti kubwa ya kusikika mpaka Nanyuki, "Jamani, haya mayai hayawezi kupewa vijana! Mayai yanataka mtu mzima!" Akaniletea. Na mapota wote ishirini na wawili, ambao hucheka nikipiga chafya, wakasema, "Kweli, kweli, yanataka mtu mzima." Hakucheka hata mmoja. Mimi, mwenye masikio ninayojivunia kwa kurasa hizi zote, niliusikia ule ukimya vizuri sana nikajifanya kiziwi. Miaka sita.

Andika. Namba saba: trei mbili za mayai. Sitini kwa hesabu. Karani hakuwahi kuyaweka kwenye mizani, kunifichia aibu, lakini Yakubu alikadiria kilo nne, pamoja na ninachofungia. Nimetia sahihi kwenye ukurasa, umo ndani ya bahasha hii. Bwana Kinuthia aupige muhuri akitaka. Na aandike pia kwamba kwa miaka sita hayajavunjika ila mawili, na siku hiyo kulikuwa na nyati.

Hakukuwa na nyati. Niliteleza.

Na kwa kuwa nimeshaanza, kuna kitu kimoja ambacho nakuomba kisiingie kwenye faili, kikate hapa chini kwa makasi kabla ya kupeleka barua. Mayai yakifungwa kwa kamba tupu yanacheza. Yanataka kitambaa kipana, laini. Nafungia leso. Ni ya samawati.

Watiri hakuiba kitu.

Ngatia